Nilichora vibao kambini: je, nikasomee grafiki chuo cha jamii?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kule nilikuwa nachora vibao vya vinyozi, vya maduka ya simu, vya kanisa, hata kituo cha afya waliniita. Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha kinyozi, nilikichora kwa rangi ya mafuta juu ya bati. Sasa niko Iowa mwaka wa tatu, nina grinikadi, nafanya kazi kiwanda cha nyama shifti ya usiku, nina mke na mtoto mmoja. Nataka kusomea grafiki kwenye chuo cha jamii (community college) cha hapa mjini. Shemeji yangu anasema hicho ni chuo cha walioshindwa, na kwamba kazi yenyewe sasa inafanywa na akili bandia, bora nisomee uuguzi. Rafiki yangu anasema YouTube inatosha. Kuna chuo binafsi kimenipigia simu mara tano, wanasema watanipangia mkopo wa kila kitu. Kiingereza changu ni cha kiwandani. Diploma yangu ya sekondari ni ya Kongo, kwa Kifaransa. Je, nikasome, au nitapoteza miaka miwili na pesa ya mtoto?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona ndani yake kuna maswali mawili. La kwanza umeliuliza waziwazi: chuo hiki kinafaa? La pili umelificha kwenye maneno ya mwisho: je, ni halali nitumie pesa ya mtoto kwa kitu ninachokipenda mwenyewe? Nitalijibu la kwanza kwa urefu, maana nimefanya kazi kwenye viwanda vya uchapaji miaka mingi na sasa nafundisha fani hii kwenye chuo cha aina hiyohiyo. La pili tutalikuta tukifika kwenye hesabu za pesa.

Kwa ufupi: nenda. Lakini usiache kazi, usijaze madarasa manne muhula wa kwanza, na usisaini mkopo wa mtu yeyote aliyekutafuta yeye kwanza.

Tumalizane haraka na hili la "chuo cha walioshindwa". Chuo cha kwanza cha umma cha namna hii kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi sita, ili vijana wa pale wasome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama nyumbani. Leo vyuo hivi viko zaidi ya 900 nchi nzima, na Iowa peke yake ina 15. Mlango wake uko wazi kwa wengi, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo: mlango mpana haumaanishi darasa jepesi. Darasa langu huwa na mama wa miaka 50, kijana aliyemaliza sekondari juzi, na fundi magari anayekuja na mafuta kwenye kucha. Wote wanapewa kazi ileile, na tarehe ya kuikabidhi ni moja.

Sasa nikueleze kinachouzwa mle ndani, kwa sababu wengi hulipa ada bila kukijua, na shemeji yako na rafiki yako wote wawili wamekikosa.

Watu hudhani kusomea grafiki ni kujifunza programu za kompyuta: Photoshop, Illustrator, InDesign. Kama ingekuwa hivyo, rafiki yako angekuwa na haki kabisa. Vitufe vya programu unaweza kujifunza ukiwa umekaa kitandani, na kila mwaka vinabadilishwa vingine vinahamishwa. Kile ambacho YouTube haitakupa ni mtu wa kuitazama kazi yako wewe, siyo ya mwingine, akakwambia imekosea wapi, halafu wiki ijayo akaitazama tena.

Kila wiki moja au mbili tunabandika kazi ukutani kwa pini na kuikosoa. Nakumbuka kikao changu cha kwanza nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimetengeneza bango la tamasha la muziki, mandhari ya manjano, na nikaona limependeza. Mwalimu akavuta viti vyote hadi ukuta wa nyuma, akamwambia mwenzangu mmoja afumbe macho, kisha afumbue na kusema neno la kwanza alilolisoma. Akasoma namba ya simu. Mwalimu akaniuliza kwa nini namba ni nyekundu. Nikasema ni muhimu, watu wapige. Akaniuliza, "Nani atakupigia kabla hajajua kuna nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikalivunja bango lote, na tangu siku hiyo sijawahi kuanza kazi bila kujiuliza jicho litaanzia wapi, litafuata wapi, na litaishia wapi.

Jambo hilo wewe unalijua kwa mkono. Kibao cha kinyozi kinachosomwa na mtu anayepita kwa baiskeli ni mtihani mgumu kuliko mabango mengi ninayosahihisha. Kinachokosekana ni kulijua kwa akili, uweze kulieleza na kulirudia kwenye kazi ambayo hujawahi kuiona. Huwa natumia khanga darasani, nimebandika moja ukutani. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani ule msemo, kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku chake. Pindo linakwambia eneo la kutazama limeishia wapi. Mji unakuvuta. Jina linakungoja mpaka umalize kutazama picha, ndipo ulisome. Weka kitenge pembeni yake: ua lilelile linajirudia kutoka pembe hadi pembe, hakuna katikati, hakuna neno, jicho linatembea bila kusimama. Vyote ni vizuri, ila vinafanya kazi tofauti. Mwanafunzi akiielewa tofauti hiyo anajua lini atengeneze ruwaza na lini apange ukurasa. Wamarekani wangu huelewa baada ya nusu saa. Wewe umelala juu ya vitenge na kubebwa kwa khanga tangu utotoni. Utaelewa kabla sijamaliza sentensi.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya masomo. Nusu ya pili ni kuijua mashine, na hapo mchora vibao anakutana na mambo mapya kabisa.

Rangi yako ya mafuta inafunika. Ukipaka manjano juu ya buluu kwenye bati, buluu inapotea. Wino wa mashine ya ofseti, ile mashine kubwa inayochapa kwa mabamba, hauko hivyo, mwanga unapenya ndani yake. Manjano juu ya samawati inakuwa kijani, kwa sababu mwanga unapita tabaka zote mbili, unagonga karatasi na kurudi. Ndiyo maana wino wa rangi nne tu, samawati, majenta, manjano na nyeusi, unatosha kutoa karibu kila rangi unayoiona kwenye gazeti. Na nyeupe? Nadhani ulizoea kumalizia herufi zako kwa mstari mwembamba mweupe ubavuni, herufi iinuke. Kwenye ofseti nyeupe ni karatasi yenyewe. Huiweki mwisho, unaiacha tangu mwanzo. Nimeona wachoraji hodari wakisumbuka na jambo hili wiki nzima, kisha siku moja likawakaa.

Kuna tukio ninalowasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Kwenye kiwanda kimoja nilichofanyia kazi ililetwa brosha ya nakala 5,000. Aliyeitengeneza alikuwa na digrii ya chuo kikuu, na ilikuwa nzuri kwelikweli kwenye skrini. Lakini maandishi yake madogo meusi yalikuwa yamechanganywa kutoka rangi zote nne badala ya wino mweusi peke yake. Kila rangi ina bamba lake kwenye mashine, na karatasi ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita kati ya bamba na bamba, herufi ndogo inapata kivuli pembeni. Umewahi kuona khanga ambayo rangi imekimbia nje ya ua? Ndivyo yalivyokuwa yale maandishi, kila herufi na kivuli cha wekundu. Mteja akakataa mzigo wote. Juu ya hapo, rangi ya mandhari ilikuwa imeishia palepale kwenye mstari wa kukatia. Hapa Marekani tunaizidisha nje ya mstari inchi moja ya nane, kwa sababu kisu hakikati mahali pamoja kwenye kila rundo. Usipoizidisha, baadhi ya karatasi zinatoka na uzi mweupe ukingoni. Makosa mawili ambayo muhula mmoja wa maandalizi ya uchapaji ungeyazuia. Mtu anayejua kulipeleka faili mashineni likatoka safi mara ya kwanza huwa hakai muda mrefu bila kazi, na sijali karatasi yake ya shule imeandikwa nini.

Kwa hiyo ukifungua katalogi ya chuo chako usiishie kwenye neno la kwanza utakaloliona. Tafuta kozi mbili ambazo majina yake yanafanana lakini maisha yake ni tofauti. Inayoitwa Graphic Design inakufundisha kubuni: herufi, nembo, mpangilio wa kurasa, tovuti. Inayoitwa Graphic Communications, au yenye neno Printing ndani yake, inakufundisha pia kuchapa: ofseti, mashine za dijitali, uchapaji wa fulana kwa skrini, stika na mabango ya plastiki. Chuo chako huenda kina moja tu. Kama zipo zote mbili, kwa mtu aliyetoka kwenye vibao mimi ningeanzia hii ya pili, hata kama ni cheti kifupi, kisha ningejenga ya kwanza juu yake. Kutengeneza mabango na maandishi ya magari ni kazi yako ileile ya Nyarugusu, vifaa ndivyo vimebadilika, na duka dogo la mabango linaweza kukuajiri kwa kukutazama ukibandika stika kwenye kioo bila kuacha mapovu.

Angalia pia herufi za digrii yenyewe. Digrii ya miaka miwili iliyoandikwa AAS imetengenezwa ikupeleke kazini moja kwa moja. Ile iliyoandikwa AA au AFA imetengenezwa uendelee chuo kikuu. Ukichukua AAS halafu baadaye ukataka chuo kikuu, sehemu ya krediti zako, yaani hesabu ya masomo uliyokwisha kufaulu, inaweza kukataliwa na ukarudia madarasa uliyokwisha kulipia. Muulize mshauri wa masomo, kabla ya kujiandikisha, kama kuna mkataba wa kuhamisha krediti na chuo kikuu gani, na umwombe akuonyeshe kwa maandishi. Usikubali "nadhani zitahama".

Tuje kwenye hofu ya shemeji yako, ambayo sitaibeza, kwa sababu anakutakia mema na ana sehemu ya ukweli. Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani zinaonyesha mshahara wa kati wa wabunifu wa grafiki ulikuwa dola 61,300 kwa mwaka Mei 2024, maana yake nusu walipata zaidi ya hapo na nusu chini. Makisio ya wizara hiyohiyo ni kwamba ajira hizi zitaongezeka kwa asilimia 2 tu kutoka 2024 hadi 2034, pole kuliko wastani wa kazi zote. Na waajiri wengi hutarajia digrii ya miaka minne kwa anayeanza. Uuguzi una nafasi nyingi zaidi, hilo ni kweli. Mtu akiniuliza ni fani gani itamlipa haraka na kwa uhakika, sitamtajia grafiki.

Kuhusu akili bandia, imekwisha kula kazi za chini: kufuta mandhari nyuma ya picha, nembo za haraka za dola ishirini, vielelezo vya kujaza nafasi. Kijana aliyekuwa anaanzia hapo hana tena pa kuanzia, na hilo linaniuma kwa niaba ya wanafunzi wangu. Lakini picha iliyotengenezwa na mashine peke yake, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haiipi ulinzi, kwa hiyo kampuni inayotaka hakimiliki ya nembo yake inahitaji mkono wa mtu. Na bado hakuna programu itakayokwenda kwa mwenye mgahawa, ikasikiliza anachotaka, ikagundua kwamba anachokihitaji ni kingine, ikapima ukuta, ikajua jua la saa tisa litapiga upande gani. Hayo ulikuwa unayafanya kule kambini. Wanaobaki kwenye fani hii ni watu wa mazungumzo na watu wa vitu vinavyoshikika. Kwa bahati wewe una vyote viwili, na ndiyo sababu jibu langu kwako ni tofauti na ambalo ningempa kijana anayetaka tu kukaa kwenye skrini.

Kuhusu Kiingereza, usingoje kikamilike. Muhula wa kwanza chukua darasa moja la Kiingereza na moja la kuchora au la misingi ya ubunifu. Mara nyingi madarasa ya studio hayadai Kiingereza cha juu ili uingie, ila thibitisha kwenye katalogi yako. Darasa la kuchora ni mahali pazuri mno pa kujifunza lugha. Kila neno lina kitu mbele yake. Mwalimu akisema kivuli, anakigusa. Na kile kikao cha kukosoana kitakulazimisha useme sentensi mbili tatu mbele za watu kila wiki, ukitetea kazi ambayo unaijua kuliko mtu yeyote mle chumbani. Nina wanafunzi waliofika bila kuweza kuagiza chakula kwa Kiingereza, na walianza kuzungumza pale, mbele ya ukuta wa pini, kwa sababu mtu aligusa kazi yao na hawakukubaliana naye.

Diploma yako ya Kongo usiitupe na wala usikubali kuambiwa haina maana. Itahitaji kutafsiriwa kutoka Kifaransa, na huenda chuo kikataka ithaminishwe na taasisi iliyo mwanachama wa NACES, chama cha taasisi zinazothaminisha vyeti vya nje. Uliza kwanza ofisi ya udahili ni taasisi zipi wanazikubali, usije ukalipa mahali pasipotambuliwa. Kama cheti kimebaki njiani au kimeungua, basi kuna mtihani wa GED au HiSET kutegemea jimbo, unaochukua nafasi ya diploma ya sekondari, na vyuo vya jamii vingi huandaa watu kwa mtihani huo kwa gharama ndogo au bure.

Sasa pesa ya mtoto.

Ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo lake, kwa wastani wa nchi nzima, ni kama dola 4,000 kwa mwaka ukisoma muda wote. Ruzuku ya serikali kuu inayoitwa Pell, ambayo hairudishwi, kwa mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 ilifikia dola 7,395 kwa mwenye kipato cha chini anayesoma muda wote. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuiomba. Unaiomba kwa fomu ya FAFSA, kwenye tovuti ya serikali studentaid.gov, na fomu hiyo ni bure. Mtu akikutoza senti moja kukujazia, mkimbie. Kwa kuwa umepita miaka 24, na una mke na mtoto, kipato kinachotazamwa ni chako na cha mke wako, cha wazazi hakihusiki. Wanaangalia mapato ya mwaka mmoja, ule wa miaka miwili nyuma. Kama mwaka huo ulipiga ovataimu nyingi na sasa kipato kimeshuka, nenda ofisi ya misaada ya kifedha ukiwa na hati zako za mshahara uombe wakuhesabie upya. Watu wengi hawajui kwamba wana haki ya kuomba hivyo.

Huna lazima ya kusoma muda wote ili upate kitu. Krediti 12 kwa muhula ndizo muda wote. Ukichukua 6, unapata nusu ya ruzuku uliyostahili. Kwa mtu wa shifti ya usiku mwenye mtoto, sita ndizo ninazokushauri. Utamaliza kwa miaka kama mitano badala ya miwili, na utamaliza. Nimewaona wengi walioanza na kumi na tano wakitaka kuwahi, Oktoba hawapo.

Na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu wengi wetu huumia hapa. Ukiona huwezi kuendelea, usipotee kimyakimya. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mkimya mwenye mkono mzuri sana, alibadilishiwa shifti akaacha kuja bila kumwambia mtu. Aliona aibu. Ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya ruzuku inarudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai wewe ile tofauti. Alipotaka kurudi mwaka uliofuata akakuta deni kwenye akaunti, na hawezi kujiandikisha mpaka alilipe. Angekuja ofisini kwangu wiki ileile tungempunguzia darasa moja au tungempatia la mtandaoni. Tena kuna kipimo cha maendeleo: kwa kawaida unatakiwa ufaulu angalau asilimia 67 ya krediti ulizoanza na uwe na wastani wa alama wa 2.0, la sivyo ruzuku inasimama. Darasa uliloliacha linahesabiwa kama ulilianza. Na Pell ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya muda wote, kwa hiyo usiimalizie kwenye madarasa ambayo digrii yako haiyataki.

Laptopu usinunue bado. Maabara za chuo zina mashine na programu, na vyuo kadhaa huwapa wanafunzi leseni ya kutumia nyumbani. Uliza kabla hujatoa dola elfu moja na nusu. Nyumbani unaweza kufanya mazoezi na Inkscape na GIMP, ambazo ni bure kabisa na zinakaa kwenye kompyuta ya kawaida.

Hicho chuo binafsi kilichokupigia simu mara tano sikijui, na sitakihukumu kwa jina. Nitakwambia tu yaliyo kwenye kumbukumbu za umma. Mtandao mkubwa wa vyuo binafsi vya sanaa, The Art Institutes, ulifungwa Septemba 2023. Mei 2024 serikali ikafuta zaidi ya dola bilioni 6 za mikopo ya watu waliosoma huko kati ya 2004 na 2017, baada ya kuona walipewa ahadi za uongo kuhusu ajira na mishahara. Hao walikuwa watu kama wewe, wenye kipaji na familia, na walikaa na deni hilo shingoni miaka mingi kabla ya kufutiwa. Chuo kinachokuhitaji kuliko unavyokihitaji kitakupigia simu. Chuo cha jamii wakati mwingine hata ukipiga wewe hawapokei, itabidi uende mwenyewe. Ukiamua kuwasikiliza hao wa simu, waulize bei ya krediti moja, na kama chuo kikuu cha jimbo lako kinazipokea krediti zao. Andika jibu lao, kisha kipigie hicho chuo kikuu uthibitishe.

Kwa hiyo lile swali ulilolificha: kwa mpango wa krediti sita, ukiwa kazini, ruzuku ikilipa ada yote au karibu yote, pesa ya mtoto haiguswi. Kinachoguswa ni usingizi wako na jioni za mke wako. Hilo mlizungumze nyie wawili, kwa saa na siku, nani atamchukua mtoto Jumanne na Alhamisi, kabla ya kujaza fomu yoyote. Mume aliyejiandikisha bila nyumba kukubali huwa namtambua wiki ya tatu.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Nenda chuoni ana kwa ana, ikiwezekana asubuhi ukitoka shifti. Omba kuonyeshwa chumba cha uchapaji na uangalie kama mashine zina wino mbichi au vumbi. Omba kuona kazi za wahitimu wa mwaka jana na mwaka juzi, halafu uliza wanafanya kazi wapi. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake atakutajia papo hapo aina ya kazi wanayofanya. Ofisi ya misaada ya kifedha uende na grinikadi, kadi ya Social Security na taarifa za kodi, wala usitegemee binamu aliyesoma jimbo lingine, sheria za ukazi wa ada zinatofautiana. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili, omba siku chache kabla. Kama kuna jambo la kisheria kwenye makaratasi yako ya uhamiaji, hilo ni la mwanasheria au shirika lililowapokea, siyo la mshauri wa masomo na siyo langu. Na ukihisi usiku wa kiwandani umeanza kukuletea maumivu ya mikono au ganzi vidoleni, muone daktari mapema. Mikono hiyo ndiyo unayoitegemea huku na huko.

Jambo la mwisho ni dogo na ulifanye wiki hii. Kuingia kwenye kozi nyingine, kuhamia chuo kikuu na kuomba kazi, kote utaulizwa potifolio, yaani kazi zako kumi au kumi na tano bora zilizopangwa vizuri. Wenzako wataanza na karatasi tupu. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo ambaye leo picha zake ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia, alianza kwa kuchora vibao vya matangazo Kinshasa miaka ya 1970. Kama una ndugu aliyebaki Nyarugusu, mwambie aende kwenye kile kibao cha kinyozi asubuhi, kabla jua halijawa juu, asimame mbele yake moja kwa moja, simu aiinue usawa wa katikati ya kibao, apige picha moja ya kibao kizima bila kukata pembe na nyingine ya karibu inayoonyesha mapigo ya brashi kwenye herufi. Kama kinyozi mwenyewe bado yupo, asimame mlangoni kwenye picha ya tatu. Mwambie aende kabla ya mvua.